VITUFE VIWILI VINAVYOOKOA KAZI YA SIKU NZIMA
Somo la kompyuta kwa wanakisomo

Somo letu la leo linahusu kompyuta ya mezani. Tafadhali usifunge gazeti! Tunajua wengine mtasema, "Kompyuta ni mambo ya vijana wa ofisini. Sisi na dagaa wetu inatuhusu nini?" Hebu tusome pamoja kwanza, halafu kila mtu ataamua mwenyewe.

Tutaanza na jambo lililotupata sisi walimu wenu.

KAZI ILIYOPOTEA

Kikundi kimoja cha akina mama wanaoanika dagaa hapa Bangwe kilitaka kuomba mkopo. Kilitakiwa kupeleka orodha ya wanachama, hesabu za michango na barua ya maombi. Vyote viwe vimechapwa. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake, saa tatu asubuhi.

Akina mama wakatuletea daftari lao. Lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Tukakaa kwenye kompyuta. Mmoja anasoma, mwingine anachapa. Jina, kiasi, tarehe. Jina, kiasi, tarehe. Tulianza saa nane mchana. Ilipofika saa kumi na moja jioni tulikuwa tumebakiza majina manne tu.

Umeme ukakatika.

Tuliungoja mpaka usiku, haukurudi. Ulirudi kesho yake saa nne, muda wa kupokea maombi umekwisha. Tulipowasha kompyuta, karatasi yetu haikuwamo. Kazi ya saa tatu ilikuwa imepotea kama mtu aliyeandika mchangani, wimbi likapita.

Ndugu msomaji, kosa lilikuwa letu, siyo la umeme. Umeme wa Kigoma tunaujua. Kwa miaka mingi mji wetu uliwashiwa na majenereta ya dizeli, na kila mtu hapa amezoea giza la ghafla. Mvuvi anayejua kwamba ziwa huchafuka, akauacha mtumbwi wake mwaloni bila kuufunga, asilaumu upepo.

Mama mmoja wa kikundi hakutugombeza. Aliuliza tu, "Sasa mwalimu, hiyo mashine yenu haina mahali pa kufungia kamba?"

Swali hilo lilituchoma, maana mahali hapo papo. Ni vitufe viwili tu, na tulivijua. Hatukuvibonyeza. Ndiyo maana tumeamua kuandika somo hili.

KOMPYUTA ILIVYOFIKA KWETU

Kompyuta siyo jambo geni kabisa katika nchi yetu. Mwaka 1965 kompyuta ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Lakini mambo hayakwenda vizuri. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Miaka ya baadaye marufuku hiyo ililegezwa, na leo kompyuta zimefika shuleni, zahanati, ofisi za kata na kwenye vibanda vya steshenari.

Jambo jingine la kukumbuka ni la mwaka 2004. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu ya kuandikia yenye maelezo ya Kiswahili. Iliitwa Jambo OpenOffice. Walitaka Mswahili aone "faili" na "hifadhi" kwa lugha yake.

Hata hivyo, kompyuta nyingi tunazozikuta hapa kwetu zina maelezo ya Kiingereza. Je, asiyejua Kiingereza afanyeje? Hapa ndipo njia za mkato zinapotufaa. Njia ya mkato haidai usome Kiingereza. Inadai ujue herufi moja na kitufe kimoja. Na herufi, ndugu zetu, mnazijua. Mlizisomea.

TUJUE VITUFE VYETU

Ubao wenye herufi unaitwa kibodi. Wengine huuita baobonye. Kioo cha kuangalia kinaitwa skrini. Kile kidude cha kushika mkononi na kusogeza mezani ni kipanya, watu wengi husema mausi.

Ndani ya kompyuta kuna programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote. Inaitwa mfumo endeshi. Ni kama nahodha katika meli: hapakii mizigo yeye mwenyewe, lakini bila yeye meli haiendi. Mfumo endeshi unaoonekana sana kwetu unaitwa Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Njia tutakazozisoma leo ni za mfumo huo.

Sasa tazama kona ya chini, upande wa kushoto wa kibodi. Utaona kitufe kilichoandikwa Ctrl. Tunakiita kontroli. Karibu nacho kuna kitufe chenye picha ya dirisha dogo la vioo vinne. Kuna pia kitufe kilichoandikwa Alt.

Namna ya kubonyeza ni hii:

1. Shika kontroli kwa kidole cha mkono wa kushoto. Usiachie.
2. Gusa herufi mara moja kwa kidole kingine.
3. Achia vyote.

Wanafunzi wengi wanakosea hapa. Wanabonyeza vyote kwa pupa, au wanatangulia herufi. Taratibu tu. Kontroli kwanza, herufi baadaye.

NJIA YA KWANZA: KUFUNGA KAMBA

Kontroli na S. Hii ni kuhifadhi kazi.

Kwa nini kazi hupotea? Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Mahali pa kwanza ni kumbukumbu ya muda. Unachochapa kinakaa humo kwanza, na humo kinaishi kwa nguvu ya umeme. Umeme ukikatika, humo hufutika. Mahali pa pili ni diski. Kilichoandikwa kwenye diski hubaki hata kompyuta ikizimwa. Kontroli na S huichukua kazi yako kutoka mahali pa kwanza na kuiandika mahali pa pili.

Mara ya kwanza kompyuta itauliza jina la kazi hiyo. Mpe mtoto jina linaloeleweka. Usiandike "Barua" tu, maana baada ya mwezi utakuwa na barua kumi. Andika "Michango Januari" au "Barua ya Mkopo". Kisha bonyeza kitufe kikubwa cha Enter, upande wa kulia. Baada ya hapo, kila ukibonyeza kontroli na S haiulizi tena. Inahifadhi kimya kimya.

Usingoje kazi iishe. Hifadhi kila baada ya majina kumi. Hifadhi kabla ya kunyanyuka kwenda kunywa maji. Zipo programu zinazojaribu kurudisha kazi baada ya ajali, lakini si zote, na si mara zote. Usizitegemee.

NJIA YA PILI: KUTENGUA

Kontroli na Z. Hii ni kurudi nyuma hatua moja.

Mwanakisomo mmoja alikuwa amemaliza barua ya ukurasa mzima. Kwa bahati mbaya akaichagua yote, kisha akagusa herufi moja. Barua yote ikatoweka, ikabaki herufi ile peke yake katikati ya weupe. Akainua mikono juu kama aliyevunja chungu cha watu. Tukamwambia: kontroli na Z. Akabonyeza. Barua ikarudi yote.

Ukikosea, usiguseguse vitufe kwa hofu. Tulia. Bonyeza kontroli na Z. Ukitaka kurudi hatua tano, bonyeza mara tano. Lakini fanya hivyo kabla ya kuifunga kazi. Ukishahifadhi kosa na kufunga, mara nyingi njia hii haiwezi kukurudisha.

NJIA YA TATU: KUNAKILI, KUKATA NA KUBANDIKA

Tazama mstari wa chini wa herufi. Utaona Z, kisha X, kisha C, kisha V. Zimekaa pamoja, karibu na kontroli. Z tumeshaisoma. Tuone tatu zilizobaki.

Kontroli na C ni kunakili. Maneno yanabaki pale pale, na kompyuta inabeba nakala yake.
Kontroli na X ni kukata. Maneno yanaondoka pale yalipo.
Kontroli na V ni kubandika. Uliyoyabeba yanawekwa pale mshale wako unapopepesa.

Kabla ya kunakili au kukata, lazima uyachague maneno. Weka mausi mwanzo wa maneno, bonyeza kitufe chake cha kushoto bila kuachia, vuta mpaka mwisho. Maneno yatabadilika rangi. Ukitaka kuchagua yote yaliyomo, bonyeza kontroli na A.

Faida yake ni nini? Katibu wa kikundi akiandika barua kwa mtendaji wa kata, na barua nyingine kama hiyo kwa benki, hana haja ya kuchapa mara mbili. Ananakili, anabandika, anabadilisha jina na anwani. Lakini asome upya! Tumewahi kuona barua ya benki ikianza na "Ndugu Mtendaji".

Kumbuka pia: kompyuta hubeba mzigo mmoja kwa wakati. Ukinakili kitu cha pili, cha kwanza kinatupwa. Kwa hiyo ukikata, bandika papo hapo, usizunguke nacho.

Mtu anayetajwa sana kwa kazi hii ya kukata na kubandika ni Larry Tesler wa Marekani. Yeye na wenzake waliitengeneza katika miaka ya 1970. Alifariki mwaka 2020. Alitaka kompyuta iwe rahisi kwa mtu wa kawaida, siyo kwa mtaalamu peke yake. Basi alitufikiria hata sisi ambao hakutujua.

NJIA YA NNE: KUTAFUTA NA KUCHAPISHA

Kontroli na F ni kutafuta. Tuseme kikundi kina wanachama 200, na mmoja anauliza kama mchango wake umeandikwa. Huna haja ya kupitisha kidole mstari kwa mstari. Bonyeza kontroli na F, andika jina lake, bonyeza Enter. Kompyuta itakuonyesha jina lilipo. Lakini jina likiandikwa vibaya halitaonekana. Kama mwandishi aliandika "Hamis" na wewe unatafuta "Hamisi", kompyuta itasema hayupo. Basi tafuta kwa herufi chache za mwanzo.

Kontroli na P ni kuchapisha kwenye karatasi. Kwenye steshenari kila ukurasa ni fedha. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, soma kazi yako kwenye skrini toka mwanzo hadi mwisho. Usimwachie kijana wa steshenari akusomee. Wewe unajua kusoma.

NJIA YA TANO: KUKUZA MAANDISHI

Wengi wetu tumejifunza kusoma macho yakiwa yameanza kuchoka. Usione aibu. Katika programu nyingi za kuandikia, shika kontroli, kisha zungusha lile gurudumu dogo juu ya mausi. Maandishi yatakua au yatapungua. Hayo ni ya machoni tu. Karatasi itatoka kama kawaida.

Njia nyingine ni kitufe cha dirisha pamoja na alama ya kujumlisha. Itatokea miwani ya kukuza skrini nzima. Kuiondoa, shika kitufe cha dirisha, gusa kitufe cha Esc kilichoko juu kabisa, kushoto.

NJIA YA SITA: KUFUNGA MLANGO

Kitufe cha dirisha na L. Hii ni kufunga skrini.

Daftari la michango ni siri ya kikundi. Katibu haliachi wazi mezani akaenda zake sokoni. Basi na kompyuta ni hivyo hivyo. Ukinyanyuka, bonyeza kitufe cha dirisha na L. Kazi yako haitapotea, lakini hakuna atakayeiona mpaka neno la siri liandikwe. Ni lazima kompyuta iwe na neno la siri. Bila hilo, mlango umerudishwa tu, haukufungwa.

Kama unatumia kompyuta ya steshenari, usiifunge mashine ya watu. Wewe hifadhi kazi yako kwenye flashi yako, funga kazi hiyo, na hakikisha hukuacha nakala ya majina ya wanachama kwenye mashine yao.

KILICHOZAMA HUWEZA KUIBULIWA

Wazee wa Kigoma wanaijua habari ya meli ya Liemba. Wajerumani waliiita Graf von Goetzen. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, mashine zikakutwa zinafaa. Mwaka 1927 ilianza tena kazi ziwani ikiwa na jina la Liemba.

Kwa nini tunataja habari hii? Kwa sababu unapofuta faili kwa kitufe cha Delete, mara nyingi halijafa. Limezamishwa tu. Kwenye uso wa kompyuta kuna picha ya ndoo ya taka. Gonga picha hiyo mara mbili haraka haraka, itafunguka. Ukiliona faili lako humo, likamate kwa mausi, livute mpaka nje ya ndoo, uliachie. Limeibuka.

Lakini angalia mambo mawili. Ukishika Shift halafu ukagusa Delete, faili haliendi kwenye ndoo. Linafutwa moja kwa moja. Vile vile faili lililofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida haliendi kwenye ndoo. Hapo ni kuzama bila grisi. Kwa hiyo kazi ya maana iwe na nakala mbili: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi. Na daftari la mkono msilitupe.

MASHINE HAIJUI UKWELI

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko vitufe vyote. Kompyuta inahifadhi unachoiambia. Ukiandika 5,000 badala ya 50,000, itahifadhi 5,000 bila kuuliza, na itachapisha kwa herufi nzuri. Watu huogopa kubishana na karatasi iliyochapwa. Usiogope. Mwanachama ana haki ya kulinganisha karatasi na daftari. Mmoja asome daftari kwa sauti, mwingine aangalie skrini. Wakimaliza, wabadilishane.

HABARI YA KIKUNDI CHETU

Akina mama wale waliingoja awamu nyingine. Safari hii hawakutuachia kazi. Katika siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika na vichanja vikiwa vitupu, walikuja kujifunza. Yule mama aliyeuliza habari za kamba alikaa yeye mwenyewe kwenye kibodi. Alichapa kwa kidole kimoja. Kila baada ya majina kumi alisema kwa sauti, "Funga kamba!" na kubonyeza kontroli na S.

Siku ya pili umeme ulikatika kweli. Wote tukanyamaza gizani. Yeye akasema, "Tungojeni." Uliporudi tukafungua. Majina matatu ya mwisho hayakuwamo. Mengine yote yalikuwepo. Akayachapa yale matatu, akabonyeza tena.

Orodha ilifika kwa wakati. Majibu ya mkopo bado wanayangoja.

ZOEZI KWA WASIO NA KOMPYUTA

Usingoje mpaka upate mashine. Chukua kipande cha boksi. Chora mistari ya vitufe. Andika Ctrl kwenye kona ya chini kushoto, na herufi A, S, F, Z, X, C, V, P na L kila moja mahali pake. Muulize mtoto anayesoma shule au mwalimu wa kituo chenu zinakaa wapi. Kisha fanya zoezi: mwenzako aseme "hifadhi", wewe uguse, aseme "tengua", wewe uguse. Siku utakapokaa kwenye kompyuta yenyewe, vidole vitajua njia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kazi ya siku ile ilipotea kwa sababu gani? Nani alikuwa na kosa?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumbukumbu ya muda na diski?
3. Umefuta barua kwa bahati mbaya na bado hujaifunga. Utabonyeza nini?
4. Kuna tofauti gani kati ya kunakili na kukata?
5. Katika kikundi chenu, nani anaangalia kama hesabu zilizochapwa zinalingana na daftari? Kama hakuna, mtamchagua nani?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kontroli na S: hifadhi.
Kontroli na Z: tengua.
Kontroli na C: nakili.
Kontroli na X: kata.
Kontroli na V: bandika.
Kontroli na A: chagua yote.
Kontroli na F: tafuta.
Kontroli na P: chapisha.
Kitufe cha dirisha na L: funga skrini.

Kata orodha hii kwa mkasi, uibandike ukutani. Kama huwezi kukumbuka yote, kumbuka ya kwanza. Mengine yatakuja. Haba na haba hujaza kibaba.